Aliulizwa Afya, Akajibu Usafiri



Somo la wiki hii, Injili ya Yohana sura ya 5, nimelihubiri mara nyingi hata nikadhani nimelimaliza. Ni habari ya birika la Bethesda, karibu na Lango la Kondoo mjini Yerusalemu, na matao yake matano yaliyojaa wagonjwa wanaongoja maji yatibuke. Kati yao yuko mtu aliyeugua miaka 38. Bwana anamkuta, anamuuliza kama anataka kupona. Ungetarajia jibu la neno moja. Badala yake yule mtu anaanza kueleza kwamba hana wa kumfikisha majini, na kila akijikokota hukuta mwingine keshamtangulia. Ameulizwa habari ya afya, anajibu habari ya usafiri.

Zamani nilimcheka kidogo. Nilisema mimbarani kwamba mtu huyu amezoea kulalamika hata swali hasikii. Tangu mwaka 2020 nimeacha kusema hivyo.

Mnaukumbuka Machi ule. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13, makanisa yakafungwa, na tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mimi, kama wachungaji wengi, niligeuka kipaza sauti cha matangazo. Kila Jumapili nilirekodi ujumbe na kuutuma kwenye kundi letu la WhatsApp: naweni mikono, vaeni barakoa, kaeni nyumbani. Hasa nyinyi wazee, kaeni nyumbani. Neno hilo halikuwa na kosa. Ila lilikuwa nusu, na nusu ya pili sikuitamka.

Mzee mmoja wa ushirika wetu alishikwa na maumivu ya kifua siku ya Alhamisi. Mkono wa kushoto ukawa mzito. Mkewe akamkanda kwa maji moto, akampikia chai ya tangawizi. Ijumaa ikapita. Hospitalini ndiko korona iliko, watu walisema, na ukikohoa tu pale mlangoni unapelekwa karantini. Tena mwanzoni waliotiwa karantini walijilipia wenyewe. Jumamosi usiku mzee akaanza kutoka jasho baridi. Kijana wa boda boda wa jirani alikataa kumbeba. Si ubaya, aliogopa rungu la polisi barabarani. Ambulensi iliyopigiwa simu ikataka pesa za mafuta zitumwe kwanza, jamaa wakachangishana. Ilipokaribia, familia yenyewe ikaomba isimame kule kwenye lami, isiingie plotini, isipige king'ora. Majirani wakiwaona wale watu wa mavazi meupe, nani angenunua tena maziwa kwa mama?

Basi wanawe wawili wakamketisha kwenye kiti cha plastiki cha bluu, vile vya kukodisha wakati wa matanga, wakambeba gizani kama mita mia tatu, mama ametangulia na tochi ya simu. Mguu mmoja wa kiti ukapasuka njiani, wakaendelea. Alifika hospitalini akiwa hai. Hakurudi.

Nilipokwenda kumwona mjane, nikiwa nje ya lango na barakoa usoni, hakunilaumu. Alisema tu, "Pasta, ulisema tukae nyumbani. Tukakaa."

Nilidhani ni sisi tu, maskini wa ambulensi. Baadaye nikasoma kuhusu Marekani, ambako namba moja ya simu huleta gari. Katika wiki nne kuanzia tarehe 29 Machi 2020, waliofika vitengo vya dharura huko walipungua kwa asilimia 42 wakilinganishwa na mwaka uliotangulia. Katika wiki 10 tangu hali ya dharura itangazwe, waliofika kwa mshtuko wa moyo walipungua kwa asilimia 23 kuliko wiki 10 za kabla yake, na wa kiharusi kwa asilimia 20. Wakati uo huo jijini New York simu za kuita ambulensi zilipita 6,000 kwa siku, mahali ambapo kawaida ni kama 4,000. Magari hayapumziki, na vitanda vya dharura katika nchi hiyo hiyo vinangoja watu. Moyo haukuwa umepata tangazo la kukaa nyumbani. Mtu akikuambia wagonjwa walipungua, muulize walikwenda wapi.

Kuna aliyeuliza. Daktari Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea ubingwa wa uzazi katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, aliona wodi imekuwa kimya baada ya kafyu kuanza, na wajawazito wachache waliofika walifika wakiwa wamechelewa. Angeweza kushukuru kwa zamu nyepesi. Yeye akaomba mtandaoni wenye magari wajitolee kuwabeba akina mama usiku. Simu zikamfurika, na kutokana na hizo simu ukazaliwa mpango wa usafiri wa bure, Wheels for Life, wa teksi na ambulensi zenye ruhusa ya kupita vizuizi.

Katiba yetu, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Naipenda ibara hiyo. Lakini anayenyimwa ni yule aliyefika. Asiyefika hana aliyemnyima, wala hana wa kumshtaki. Tumepewa birika. Wa kututia majini bado tunamtafuta.

Ninaporudi Bethesda sasa, simtazami sana yule mgonjwa. Nawatazama waliompita. Miaka 38, matao matano, ndugu wa wagonjwa wengine, watu wa ibada wakienda na kurudi hekaluni. Na lile lango, jina lake lenyewe linatuambia, kondoo walipata wa kuwaswaga mpaka ndani. Bwana, kwa upande wake, hakumbeba yule mtu wala hakumtia majini, alimwambia asimame. Mimi sina uwezo huo, kwa hiyo inabidi nifikirie magari.

Nimeweka daftari kwenye meza ya mlangoni. Mwenye gari au pikipiki, aliye tayari kuamshwa usiku, aandike jina na namba yake ya simu. Mpaka jana jioni tulikuwa watatu: mwalimu wa shule ya Jumapili mwenye pikapu, kijana wa boda boda wa steji ya chini, yule yule aliyekataa usiku ule, na mimi. Gari langu haliwaki bila kusukumwa, kama mnavyojua. Siku hizi naliegesha mteremkoni, limetazama barabara.