Mnara wa Amani na Cherehani ya Jirani

Mwaka jana nilipewa kazi ya kuandika maneno 60. Kwa mtu anayeishi kwa kuandikia watu, na aliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, hiyo si kazi ya kudharau. Maneno machache, na malipo yanatosha kodi ya mwezi. Kamati fulani ilitaka kujenga mnara wa amani upande wetu wa Mathare, na ilihitaji maandishi ya kuchongwa kwenye bamba. Mchoro walinitumia kwa WhatsApp: mikono miwili ya saruji imeshikana, njiwa mweupe juu, taa za sola chini. Tangu nizaliwe sijaona njiwa mweupe Mathare, lakini sikuwa nalipwa kusema hayo.

Sentensi yangu ya kwanza ilisema kwamba hapa tunawakumbuka majirani zetu waliouawa mwanzoni mwa 2008. Ilirudi ikiwa na rangi nyekundu. Mzee mmoja wa kamati, mtu mpole kabisa, akanipigia simu. "Kijana wangu, hapo kwa waliouawa, weka waliopoteza maisha. Tusitoneshe vidonda."

"Kwani tofauti ni nini, mzee?"

Akacheka. "Si wewe ndiye mwandishi?"

Tofauti naijua, na nadhani hata yeye aliijua kuniliko. Ukisema mtu ameuawa, lugha yenyewe inauliza: na nani? Ile w ndogo katikati ya neno imembeba mtu mwingine mgongoni. Lakini ukisema amepoteza maisha, ni kama alikuwa nayo mfukoni, akashuka kwa matatu akayasahau kwa kiti. Hakuna wa kuulizwa. Labda makanga.

Swali lililoninyima usingizi ni hili: mnara unaokataa w hiyo unaweza kuwa wa amani kweli? Au ni mnara wa kunyamaza tu, umepakwa chokaa?

Nikaamua kuzunguka tauni kuangalia minara tuliyo nayo. Nilianzia Central Park, kwa ule mnara wa Nyayo uliojengwa 1988 kusherehekea miaka kumi ya Moi. Mkono unatokea kwenye Mlima Kenya ukiwa umeshika rungu. Wimbo wa serikali siku hizo ulikuwa amani, upendo na umoja. Mwaka huohuo watu walipigishwa kura kwa mlolongo, na orofa ya chini ya Nyayo House, mwendo mfupi tu kutoka hapo, ilikuwa tayari imetumika kutesa watu. Nilikaa kwenye nyasi nikiangalia ule mkono. Mchongaji hakudanganya hata kidogo. Alituonyesha wazi amani ile ilishikwa kwa nini.

Kisha nikashuka mpaka Moi Avenue na Haile Selassie, pale palipolipuliwa ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Watu 213 waliuawa Nairobi siku ile, na majina yako ukutani. Watu husimama wakitafuta jina moja kwa kidole, kama mtu anayetafuta matokeo ya mtihani kwenye ubao wa shule. Pale hakuna anayeogopa kusema waliouawa. Na sababu, nafikiri, ni rahisi na inauma: muuaji alihesabiwa kuwa mtu wa nje. Ukuta wa majina hauwezi kumfanya jirani yangu ashindwe kuniangalia usoni.

Ya 2008 hayako hivyo. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Kibaki na Raila wakatia sahihi makubaliano tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akiwa kando, na nchi ikapumua. Ripoti ya tume ya ukweli, haki na maridhiano ikakabidhiwa rais Mei 2013. Machi 2015 rais akaomba msamaha Bungeni kwa niaba ya serikali na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Lakini uulize mtu wa Mathare ni wapi anaweza kwenda kusoma jina la ndugu yake kwenye jiwe. Atakuangalia tu.

Kuna mnara mmoja Nairobi ambao naona ulifuata mpangilio unaoeleweka, ule wa Mau Mau pale Freedom Corner, uliozinduliwa Septemba 2015. Uingereza ndiyo iliyogharamia. Kabla ya hapo, 2013, serikali yake ilisimama bungeni London ikakiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya ukoloni, ikasema inajutia, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wazee wengi walisema hizo ni pesa kidogo, na wengine wengi hawakupata hata senti. Sibishi. Nasema tu kwamba mpangilio ulikuwa kukiri, kulipa, halafu sanamu. Sisi tunataka kuanzia kwa sanamu.

Nilimwambia mzee hivyo. Alinyamaza mpaka nikadhani kredo imeisha. Kisha akasema, "Wewe ulikuwa na miaka mingapi?" Saba. "Mimi nilikuwa na watoto wanne na mlango wa mabati. Yule aliyekuja na panga mlangoni kwangu bado tunateka maji naye mfereji mmoja. Tunasalimiana. Mwanawe alicheza na wangu. Ukiandika waliouawa, kesho asubuhi mimi na yeye tutaongea nini tukiwa kwa foleni?"

Sikuwa na jibu. Bado sina la kumaliza. Ni rahisi kwa sisi vijana wa mitandaoni kudharau amani ya wazee, kusema ni woga. Lakini kusalimiana kila asubuhi kwa miaka 17 na mtu aliyekuja na panga mlangoni kwako, hiyo nayo ni kazi, na hakuna aliyemlipa. Nilichoweza kumwambia ni kwamba salamu ile ni yake, ameinunua kwa uvumilivu wake mwenyewe. Kamati haiwezi kuichukua na kuimimina saruji kwa niaba ya wengine ambao hawajawahi kusalimiwa.

Nilipokuwa mdogo, mnara wa amani niliouona ulikuwa maandishi ya rangi kwenye mabati. Msanii wa Kibera anayejiita Solo 7 aliyaandika kila mahali wakati ule wa vita, kwa mtindo wa tangazo la polisi la mhalifu anayesakwa. Ila aliyesakwa alikuwa amani, na alitakiwa akiwa hai. Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini yalinikaa kichwani. Solo 7 hakusema amani ipo. Alisema imepotea, na ni sisi wa kuitafuta, na tukifanya mchezo tutaipata maiti.

Na kuna Mjerumani anaitwa Gunter Demnig, ambaye tangu miaka ya tisini amekuwa akifukia vijiwe vya shaba njiani, mbele ya nyumba walikoishi watu waliochukuliwa na Wanazi. Kila kijiwe ni cha mtu mmoja na kwa kawaida huanza kwa kusema kwamba hapa aliishi fulani. Wanaviita mawe ya kujikwaa. Ni vidogo, mtoto anaweza kukifunika kimoja kwa kiganja, lakini kiko mlangoni mwako na anayeishi humo sasa anakikanyaga akienda dukani.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, nilifunga laptopu. Kwa sababu nyumbani kwetu kuna kitu cha kujikwaa, na nimekuwa nikikiruka tangu utotoni.

Ni cherehani, Singer nyeusi ya miguu. Ilikuwa ya jirani yetu Mama Pacha, ambaye chumba chake kilipakana na chetu kwa ukuta wa mabati, mpaka tukijua wamepika nini. Januari ile aliondoka usiku na mapacha wake na mfuko mmoja. Sitasema kabila lake wala letu. Najua msomaji Mkenya ashaanza kukisia kwa majina na mitaa. Hebu jiulize mwenyewe kwa nini. Mama yangu aliisukuma cherehani ikaingia kwetu kabla wale vijana hawajafika kubeba vitu. "Nilikuwa namwekea," husema hivyo mpaka leo. Naamini. Lakini mwezi ukaisha, mwaka ukaisha, mama akajifunza kushona. Sare za shule za nusu ya ploti zimepita kwa ile mashine. Karo yangu ya msingi, na ile miaka miwili ya chuo kabla hazijakauka, zilitoka pale. Hata hii Kiswahili ninayojivunia, kwa njia fulani, ameilipia Mama Pacha.

Kwa hiyo nikimwuliza mzee ni nani aliyeua, ni lazima niulize pia ni nani aliyebaki na vitu. Mikono miwili ya saruji imeshikana vizuri sana. Haionyeshi mmoja kati yao umeshika cherehani ya mwenzake.

Kamati niliirudishia maneno 60, waliouawa ikiwa ndani. Nililipwa nusu na wakatafuta mtu mwingine. Mpaka sasa mnara haujajengwa, nasikia kuna ubishi kuhusu kiwanja, jambo ambalo Nairobi halimshangazi yeyote.

Jioni moja nilimwuliza mama Mama Pacha alienda wapi. Alikuwa anapiga upindo, hakuinua kichwa.

"Alienda kwao."

"Kwao wapi?"

Mguu ukasimama kwenye kanyagio. "Alizaliwa hapo Pumwani," akasema. "Aliniambia kwao hata hapajui."

Tulikaa kimya. Halafu akafungua droo ya cherehani, ile ya vifungo na bobini, akatoa karatasi ngumu ya pakiti ya majani chai iliyoandikwa namba ya simu. Mwandiko wake mwenyewe. Namba ya dadake Mama Pacha, alisema, aliipata kwa mtu sokoni kitambo, mwaka hata haukumbuki. Hajawahi kupiga.

Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa imezimwa. Mara ya pili iliita, mtoto akashika, akasema shosho yuko kanisani nipige baadaye. Mama ananiuliza kila jioni kama nimepiga. Ameitia mashine mafuta, ameifuta vumbi mpaka chini ya miguu, na anasema nikimpata nimwulize kwanza kama bado anashona.