Msalaba ndani ya darubini

Alama ya kulengea iliyo ndani ya darubini ya bunduki ni jambo la ufundi, lakini kuichagua huibua swali la dhamiri: mwindaji anawiwa nini na mnyama anayekusudia kumuua? Chukua mwindaji wa Ihumwa, mashariki mwa jiji la Dodoma, nchi kavu ya mibuyu na migunga. Uwindaji wa leseni hufanyika mbali zaidi, katika mapori ya akiba kama Rungwa, Kizigo na Muhesi. Huko vichaka hufupisha upeo wa macho, na mnyama huonekana kwa muda mfupi tu, mara nyingi alfajiri au jioni.

Kwa hiyo msalaba wenye mistari minene pembeni na myembamba katikati hufaa kuliko ule uliojaa vipimo. Jicho huipata shabaha upesi hata mwanga ukififia. Alama za miliradiani, ambapo moja ni sentimita 10 kwa umbali wa mita 100, zina manufaa mbugani. Kichakani humchelewesha mtu na, baya zaidi, humshawishi apige kutoka umbali asioumudu.

Uislamu ulilitazama suala hili la dhamiri tangu enzi za mshale: mwindaji hutaja jina la Mungu anapoutupa, na mchinjaji huamriwa anoe kisu ili mnyama asiteseke. Kwa mantiki hiyo darubini ni makali ya kisu. Wapo wanaosema inamnyima mnyama nafasi ya kukimbia. Hoja hiyo ina uzito kwa risasi ya mbali sana. Kwa mnyama kama pofu aliye mita 60, mstari unaoonekana vyema humpunguzia maumivu.