Uzuri Ulio Tata

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo niliifundisha chuo cha ualimu miaka mingi, bila kudhani kwamba siku moja ingeniumbua.

Mjukuu wangu alikiandikia kikundi kimoja cha wafuga nyuki wa hapa Ipole programu ya kugawa fedha za asali. Aliiandika kwa Perl, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1987 na Larry Wall, Mmarekani aliyesomea isimu. Katika Perl alama ya dola hutangulia kitu kimoja, na alama ya @ hutangulia orodha ya vitu.

"Kumbe hizi ni ngeli!" nikasema. "Mti, miti."

"Ndiyo, babu. Tena jambo moja waweza kulisema kwa njia nyingi, na linaloeleweka waweza kuliacha bila kulitaja."

Kazi nzima aliibana katika mistari mitatu. Aliponiuliza kama airefushe ili katibu aielewe, nikamkataza. Nilimwambia ataharibu shairi.

Mwaka uliofuata, yeye akiwa masomoni, kikundi kilibadili kiwango cha makato. Katibu hakuthubutu kugusa kitu. Mjukuu aliporudi, maandishi yake mwenyewe yalimshinda kuyasoma. Wenye asali walisubiri fedha wiki tatu, na mama mmoja mjane akachelewa kumpeleka mwanawe sekondari.

Je, ndugu msomaji, utata ndio ubaya? Sidhani. Neno moja la Kiswahili, "hatukuwapikia", limebeba ukanushi, watenda, wakati, watendewa na tendo lenyewe. Hata hivyo mtoto hulitamka kabla hajaanza shule, na akikosea, jirani yeyote humsahihisha. Lugha hii ilifika huku Unyamwezi na misafara, katika vinywa vya wapagazi. Utata wake umebebwa na wengi. Ile mistari mitatu ilibebwa na kichwa kimoja.

Perl siilaumu, kwani yaruhusu pia kuandika kwa uwazi. Kosa ni langu: niliutazama uzuri kwa jicho la mwalimu wa lugha, nikamsahau anayesubiri chake.

Programu iliandikwa upya kwa mistari arobaini, yenye majina ya Kiswahili. Haina mvuto wa ile ya kwanza, ambayo bado naikumbuka kwa hamu. Lakini siku ya malipo katibu huisoma kwa sauti mbele ya wanachama, na yule mama hukaa safu ya mbele.