Nani Alikiweka Mvunguni?

Ukimtumia mtu waraka naye asiweze kuusoma, je, umemtumia? Swali hili linaonekana jepesi mpaka ukae mji kama Busia au Malaba, ambako karibu kila karatasi yenye maana lazima isomwe na watu wawili wasiokaa upande mmoja: wakala wa forodha na mwenye mzigo, mnunuzi wa huku na muuzaji wa kule, ofisi inayodai fomu na raia anayeileta. Riziki yangu mimi ni kuwaandikia watu nyaraka kwa kompyuta hapa mpakani. Mteja anafika na flashi mkononi, au simu ambayo tayari ameifungua WhatsApp, anasema, "Hebu nifungulie hii, kwangu imekataa." Mara nyingine kwangu pia inakataa. Mara nyingine inafunguka, lakini inafunguka vibaya.

Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Faili inayokataa imesema ukweli. Microsoft ilipotoa Office ya mwaka 2007 ilibadilisha namna ya kuhifadhi maandishi, kutoka doc kwenda docx, na mwenye Word ya zamani hakuweza kuisoma docx mpaka apakue programu ya nyongeza iliyotolewa bure. Ilikuwa kero, lakini kero isiyodanganya. Mashine ilisema: mimi na huyu hatuelewani. Ukishaambiwa hivyo unatafuta njia nyingine, unapiga simu, unaomba utumiwe upya.

Faili inayofunguka vibaya haisemi kitu. Ukurasa umejaa maneno, jina lako lipo juu, unaamini umeona alichokiona mwenzako. Kumbe faili si karatasi. Faili ni maagizo ya namna ya kuchora karatasi: tumia fonti hii, acha pambizo hili, hesabu vifungu kuanzia hapa. Docx na odt, ile inayotumiwa na LibreOffice na OpenOffice, zote mbili ukizipasua ndani ni vifurushi vya maandishi ya XML vilivyobanwa pamoja. Ila kila programu huyasoma maagizo kwa desturi ya kwao. Fonti ikikosekana, programu inachukua nyingine inayofanana, mistari inarefuka, na mahali pa kutia sahihi panasukumwa hadi ukurasa wa pili, peke yake, bila neno moja la makubaliano juu yake. Jedwali linakatwa ukingoni. Hesabu ya vifungu inaanza upya.

Wanaobadilisha pesa pale mpakani wana adabu ambayo programu hizi hazina. Ukitaka kugeuza shilingi za Kenya kuwa za Uganda, mtu anakutajia kiwango kwanza. Unajua atabaki na kitu mkononi mwake, unajua ni kiasi gani, unakubali au unaenda kwa jirani yake. Kugeuza waraka nako kuna ushuru wake, kwa sababu karibu kila mara kuna kitu kinachobaki njiani. Tatizo ni kwamba ushuru huo unakatwa kimyakimya, na huambiwi kilichokatwa.

Nimewahi kuushuhudia mkataba wa samaki ukifanya hivyo. Mnunuzi alikuwa mama wa upande huu, muuzaji alikuwa wa upande ule. Samaki ni mmoja, huku tunamwita omena, kule mukene, na majina yote mawili yaliandikwa ili asije mtu akajitia hajui. Muuzaji aliandika mkataba kwenye LibreOffice, mnunuzi akaufungua kwenye Word kuukuu. Nakala moja ilihesabu mstari wa utangulizi kama kifungu cha kwanza, nyingine haikuuhesabu. Kwa hiyo vifungu vyote vikasogea nafasi moja, isipokuwa mahali pamoja ambapo nambari ilikuwa imechapwa kwa mkono: "Samaki wakiota ukungu njiani, hasara itabebwa kama kinavyosema kifungu cha 6." Kwa muuzaji, cha 6 kilisema nusu kwa nusu. Kwa mnunuzi, cha 6 kilikuwa cha gharama za magunia na upakiaji, ambazo zote ni za muuzaji. Waligundua kwa sababu mama yule hakuwa mtu wa kuamini macho yake tu. Alipiga simu wakaanza kusomeana. Walipofika pale akasema, "Kaka, sita yangu si sita yako."

Fikiria kama asingepiga simu. Mzigo ungeoza, wangekutana, kila mmoja angetoa karatasi yake yenye sahihi, na kila mmoja angekuwa na haki ya kumwita mwenzake mwongo. Huo ungekuwa uongo usio na mwongo. Falsafa ya maadili tuliyolelewa nayo inatafuta nia: nani alikusudia? Hapa hakuna aliyekusudia. Lakini madhara yasiyo na nia bado ni madhara, na mtu fulani lazima awe na wajibu wa kuyazuia. Ni nani?

Jibu la haraka mtaani ni methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwenye shida na waraka ndiye ahangaike. Ofisi ikisema inataka docx, leta docx. Nawaelewa wanaosema hivyo. Ofisi inapokea karatasi za watu wengi, haiwezi kuwa na kila programu iliyowahi kutengenezwa duniani, na kukubaliana juu ya umbo moja si uonevu. Hata sisi tunaandika Kiswahili hiki kwa tahajia moja kwa sababu kuna watu waliokaa wakaisanifisha, na leo Mkenya na Mtanzania wanasomana.

Lakini methali ile inaacha swali moja bila kuliuliza. Nani alikiweka mvunguni? Kuinama ni jambo moja kama kitu kilianguka chenyewe, na ni jambo lingine kama mwenye nyumba alikisukuma huko kwa sababu kwake ndiko kunakofikika kwa urahisi. Anayechagua umbo la waraka ni mwenye nguvu: mwajiri, mfadhili, ofisi. Anayelipia uchaguzi huo ni mwenye saiba ndogo, mwalimu wa shule ya kijijini, katibu wa kikundi cha akina mama. Na analipia namna gani? Programu ya kulipiwa ina bei, na wengi wasioweza bei hiyo hutumia nakala ya wizi. Ofisi ile ile ambayo ingemhukumu mtu kwa kuiba imemwekea sharti ambalo njia yake nyepesi ni kuiba. Wenyewe hawalioni, maana kompyuta za ofisini zimenunuliwa tayari zikiwa na kila kitu.

Asiyetaka kuiba ana njia, tena ya siku nyingi. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia, menyu zake zote kwa Kiswahili. Mtu angeweza kufanya kazi halali, bila senti, kwa lugha yake. Lakini programu ya kuandikia ni kama lugha kwa namna nyingine pia: thamani yake iko kwa wanaokuelewa. Anayechagua ya bure akaenda kukutana na wanaotumia nyingine huonekana yeye ndiye mwenye kasoro. "Faili yako ni mbovu," ataambiwa. Si mbovu. Umbo la odt lilikubaliwa na shirika la viwango la ISO mwaka 2006, na la docx likafuata 2008. Yote mawili yana vyeti.

Mpaka wetu wenyewe umeshatufundisha kwamba mzigo huu unaweza kuhamishwa. Zamani ulisimama kwa maafisa wa nchi moja, ukavuka, ukasimama tena kwa wa nchi ya pili. Neno boda boda lenyewe inasemekana lilizaliwa hapa, kwa waendesha baiskeli waliovusha watu kwenye nafasi iliyokuwa kati ya vituo viwili. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, kimeweka maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Waliohama ni maafisa, si msafiri. Vilevile Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili kwa bidhaa za nchi wanachama zilizo kwenye orodha ya pamoja na zisizozidi dola 2,000: karatasi moja, inatolewa mpakani, inatambulika pande zote mbili. Haikusemwa kwamba muuza vitunguu akasome kwanza sheria za forodha. Mkubwa ndiye aliyeinama.

Nakubali kwamba mimi nakula kutokana na pengo hili. Faili zote zikielewana kesho, sehemu ya wateja wangu itapotea, kama baiskeli zilivyopisha pikipiki. Hilo si sababu ya kulitetea. Mvushaji anafaa pale palipo na mto, lakini hana haki ya kuzuia daraja.

Wengi wanaamini daraja lilishajengwa na linaitwa PDF. Kweli, PDF hufika jinsi ilivyoondoka, sita ni sita. Lakini angalia inachomwambia mpokeaji: soma, usiguse. Kwa risiti, barua ya ajira au mkataba uliokamilika, sawa kabisa. Kwa makubaliano yanayotafutwa bado, ni kama kumwalika mtu kikaoni ukamziba mdomo. Aliye na nguvu anapenda kutuma PDF na kupokea docx: yangu isiguswe, yako niirekebishe. Serikali ya Uingereza iliitenganisha mizani hii mwaka 2014 ilipoamua kwamba nyaraka zake za kusomwa tu ziwe PDF au HTML, na zile za kuandikwa kwa pamoja ziwe za umbo huria la ODF, ambalo odt ni mojawapo, ili raia asilazimike kununua programu fulani ndipo ajibiwe na serikali yake.

Kwa hiyo nashika kanuni mbili. Ya kwanza: anayeweka sharti ndiye abebe gharama ya sharti lake. Ofisi ikitaka umbo fulani, itoe fomu inayofunguka kwa programu ya bure, au ipokee karatasi iliyoandikwa kwa kalamu bila kununa. Ya pili inawahusu walio sawa, kama mama yule na kaka yake wa mukene, ambao hakuna aliyemzidi mwenzake. Hapo wajibu unamwangukia anayetuma, kwa sababu ni yeye tu anayejua waraka ulivyokuwa ulipoondoka. Mpokeaji hawezi kukosa kitu asichojua kilikuwepo.

Wajibu huo hautaki utaalamu. Tumezoea kuulizana, "Umeipata?" na kujibiwa, "Nimeipata," kisha kila mtu anaenda zake ameridhika. Swali hilo linahusu mashine tu. Swali la mtu kwa mtu ni hili: "Kwako inasema nini?" Linachukua dakika tano zaidi na vocha kidogo, na mwenye haraka ataliona la kijinga. Aulize hivyo hivyo.