Je, Uliuliza Kwanza?

Andiko la kusoma nyumbani: Luka 18:35–43



Wiki hii nataka tufikirie swali moja: zawadi iliyotolewa kwa moyo safi yaweza kumuumiza anayeipokea? Wengi watajibu haraka, hapana, Mungu huangalia moyo. Hebu tusikimbie.

Chukua mfano wa Kuba. Tangu 1962 nchi hiyo imewekewa vikwazo vya biashara na Marekani, na Muungano wa Sovieti ulipovunjika mwaka wa 1991, ikapoteza mshirika wake mkubwa. Vitu vya kawaida vya hospitali vikawa adimu. Na huko huko Wakanada humiminika kila mwaka kuota jua ufuoni. Basi katika mji wa St. Catharines, jimbo la Ontario, kukazaliwa kikundi kiitwacho Not Just Tourists. Wanakusanya vifaa vya hospitali ambavyo havijatumika na ambavyo vingetupwa, kama glavu na bendeji, wanavipanga kwa sanduku, na anayeenda likizo analibeba pamoja na mizigo yake. Akifika, anatenga saa chache, anapeleka kliniki, kisha anarudi zake ufuoni.

Mimi napenda jambo hili. Mtu asiniambie ati ni mchezo wa matajiri. Glavu ni glavu, na nesi aliyeivaa amekingwa.

Lakini wema una upande wa pili. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Armenia mwaka wa 1988, dunia ilituma tani 5,000 za dawa na vifaa. Watu 50 walitumia miezi sita kuzichambua tu, wajue kuna nini. Nyingine zilikuwa zimepitwa na muda, na dawa zilizotambulika kwa urahisi zilikuwa asilimia 30 tu. Waliotuma walikuwa na huruma. Kazi waliachiwa wafiwa.

Ndiyo maana mwaka wa 1996 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa miongozo ya kutoa dawa. Dawa zilingane na mahitaji ya wanaopokea, maandishi yawe kwa lugha wanayoielewa, na zikifika ziwe zimebakisha angalau mwaka mmoja kabla ya kuharibika. Kwa ufupi: uliza kwanza.

Sasa tazama Bwana wetu karibu na Yeriko. Kipofu anapiga kelele njiani, na kila mtu anaona shida yake ni macho. Yesu anajua kuliko wote. Hata hivyo anasimama na kumuuliza anataka afanyiwe nini. Kwa nini aulize? Naamini ni kwa sababu umati ulikuwa umemwambia anyamaze, na swali lile likamrudishia sauti yake kabla hajarudishiwa macho.

Wengine watasema mwenye shida achukue anachopewa, ashukuru. Lakini ni nani huyo mwenye shida? Mwaka wa 2018, kwa mkataba wa serikali zetu mbili, Kuba ilituletea madaktari wapatao 100, wakasambazwa katika hospitali za kaunti. Nchi inayopokea bendeji ndiyo hiyo iliyotutumia madaktari. Huyo si ombaomba. Ni jirani aliyepungukiwa na kitu fulani, na yeye ndiye anayekijua.

Wapendwa, nasi tuna masanduku yetu. Tunaenda misheni, tunaenda ushago Desemba, tunapakia gari tulivyoona sisi. Nesi wa zahanati hatakataa, manake mgeni ni mgeni. Atapokea, atatabasamu, mtapiga picha. Ukishaondoka, dawa iliyoharibika inabaki kuwa mzigo wake. Piga simu kabla ya safari. Akisema wamekosa sabuni ya kuoshea sakafu, peleka sabuni, hata kama haipendezi kwa picha.

Tuseme ukweli: kuuliza kunatisha. Waweza kujibiwa jambo lisiloingia kwa sanduku, kwamba nesi hajalipwa mshahara, au maji hayafiki wodini. Hapo ndipo tunapojua kama tulikuja kwa ajili yake au kwa ajili ya raha yetu ya kutoa. Ukisikia jibu usiloliweza, usimkimbie. Kaa naye, lipeleke kwa maombi, kisha ulipeleke kwa MCA wako.

Swali la wiki: Ni nani uliyemsaidia mwaka huu bila kumuuliza anahitaji nini? Mpigie leo.