Macho Yaliyochoka Kuona

JUMATANO

Soma 1 Wafalme 19:1–18. Mungu alimpa Eliya vitu gani kabla ya kumpa kazi mpya? Utaratibu huo unafundisha nini?

Eliya hakuketi chini ya mretemu kwa sababu ya uvivu. Alikuwa ameona madhabahu za Bwana zimebomolewa na manabii wameuawa, na sasa yeye mwenyewe alikuwa akitafutwa. Akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, akamfikisha mlimani, kisha akamrudisha kazini.

Mwezi Februari 2013, watu walikusanyika ukumbini mjini Long Beach, California, kumsikiliza Sebastião Salgado, mpiga picha kutoka Brazili anayejulikana kwa picha zake za milima, barafu na misitu. Picha walionyeshwa, lakini kwanza aliwasimulia jinsi alivyougua. Mwaka 1994 alikuwa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari. Mwaka huohuo alipiga picha pia katika kambi ya wakimbizi ya Benako, wilayani Ngara, nchini Tanzania. Aliona vifo vingi mno, hata mwili wake ukadhoofika. Daktari alimpima asione ugonjwa, ila akamwonya kwamba asipoacha atakufa. Akaiweka kamera chini.

Alirudi kwenye shamba la wazazi wake. Msitu aliokulia ulikuwa umekwisha, na ardhi ilikuwa imechoka kama yeye. Mke wake, Lélia, akashauri waupande msitu upya. Mwaka 1998 walianzisha taasisi kwa ajili ya kazi hiyo, na miti zaidi ya milioni 2 ikapandwa. Maji yakarudi, ndege wakarudi, na hamu ya kupiga picha ikamrudia. Kuanzia mwaka 2004 alizunguka dunia kwa miaka minane akitafuta mahali ambapo mkono wa mwanadamu haujaharibu. Kazi hiyo akaiita kwa jina la kitabu cha kwanza cha Biblia: Mwanzo.

Wakazi wa Mahurunga, kando ya Mto Ruvuma mkoani Mtwara, wanaielewa habari hii bila maelezo mengi. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964, na tena katika miaka ya karibuni kwa sababu ya machafuko ya Cabo Delgado, watu wameuvuka mto huo wakikimbia. Yaliyoonwa na kusimuliwa hayatoki moyoni upesi.

Lakini Ruvuma hiyohiyo inashuhudia jambo jingine. Karibu na bahari, ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 2000, imesimama mikoko. Mbegu ya mkoko huota ikingali inaning’inia mtini; inapodondoka huweza kujichomeka matopeni na kuanza kukua. Samaki wachanga na kamba hujificha katikati ya mizizi yake. Anayekata mikoko ovyo hupunguza samaki wa watoto wake. Anayeipanda hufanya kazi aliyopewa Adamu (Mwanzo 2:15).

Soma Kutoka 20:8–11 na Warumi 8:19–23. Sabato inahusianaje na macho yaliyochoka kuona maovu?

Kila juma Mungu humwita mtu aliyechoka akumbuke kwamba uovu haukuwa wa kwanza duniani. Kabla ya damu ya Habili kumwagika, palikuwa na bustani, na Muumbaji aliyeona kuwa kazi yake ni njema. Hata hivyo, uumbaji wenyewe unaugua. Msitu uliopandwa unaweza kuungua, na Salgado mwenyewe alifariki Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 81. Miti inaweza kumtuliza mtu; haiwezi kumfufua. Tumaini la mwamini liko kwa Kristo, ambaye aliumba vitu vyote na atavifanya vyote kuwa vipya (Wakolosai 1:16, Ufunuo 21:1–5).

Ni nani katika kanisa lako ameona mambo mazito na sasa amenyamaza? Kabla ya kumhimiza arudi kazini, unaweza kumpelekea “mkate na maji” gani juma hili?