Mto ni wa Nani?

Somo: Ezekieli 29:1–12



Katika somo hili nabii anatumwa kumkemea Farao. Anamfananisha na joka kubwa lililolala katikati ya maji, likijisifu kwamba mto ni mali yake na kwamba yeye ndiye aliyeufanya. Kwa miaka mingi niliyasoma maneno hayo kama mafumbo tu, hata siku nilipojaliwa kwenda Misri pamoja na mahujaji wenzangu, tukafika mji wa Kom Ombo.

Mji huo uko kando ya mto Naili, kiasi cha kilomita 50 kabla ya kufika Aswan, ndiyo Sewene inayotajwa katika somo letu. Ukingoni pana hekalu la miaka zaidi ya 2,100. Lilijengwa baada ya siku za Ezekieli, lakini kwa dini ile ile ya kale. Lina milango miwili: mmoja wa mungu Horo mwenye kichwa cha kipanga, wa pili wa Sobeki mwenye kichwa cha mamba. Jirani yake ni nyumba ya makumbusho, na humo nimewaona mamba waliokaushwa na kuzongwa nguo kama maiti za wafalme. Ninyi wa Rufiji, mnaotazama maji mara mbili kabla ya kutumbukiza ndoo, mnajua kwa nini nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mwanadamu hukiabudu upesi kile anachokiogopa.

Pale pale kuna kisima chenye ngazi za mawe. Makuhani walishuka humo kupima kimo cha mto. Mto ukipanda vizuri, walijua mavuno yatakuwa mema, na kodi ikakadiriwa kwa kipimo hicho. Mkulima hajatupa hata punje shambani, na tayari wakubwa wanajua watamdai nini! Huko ndiko kusema mto ni wangu. (Hata hivyo, sehemu ya mbele ya hekalu imekwisha kuliwa na mto wenyewe.)

Siku hizi kisima kile hakina kazi. Bwawa kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, na mafuriko ya kila mwaka yakakoma. Kabla ya hapo, mwaka 1963 na 1964, Wanubi wapatao 50,000 walihamishwa, maana vijiji vyao vilikuwa karibu kufunikwa na maji, wakapewa nyumba upande wa Kom Ombo. Mgeni husimuliwa kwa urefu jinsi mahekalu yalivyookolewa jiwe kwa jiwe. Habari za watu husemwa kwa maneno machache.

Hapo nilikumbuka nyumbani, nikaona haya. Sisi nasi, baada ya mafuriko ya mwaka 1968, tuliwaona watu wa bonde la Rufiji wakihamishiwa vijiji vya juu. Aprili 2024 maji yalipozamisha tena mashamba katika Rufiji na Kibiti, nilimkuta bibi mmoja wa delta amehifadhiwa na jamaa zake hapa Kibiti. Badala ya kumpa pole nikamwambia, "Bibi, si mliambiwa mhame zamani?"

Akanijibu kwa upole, "Tulihama, baba. Shamba ndilo lililokataa kuhama."

Sikuwa na la kusema. Mpunga wake huota pale mto unapoacha tope, na maji yakipungua hupanda mahindi ya mlau. Nani amlaumu?

Juu yetu sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, lenye mitambo ya megawati 2,115. Umeme ni neema, na tumshukuru Mungu. Katika mafuriko yale wengine walilaumu maji yaliyofunguliwa bwawani. Wakubwa wakasema bwawa limeyapunguza. Mimi si mhandisi. Lakini tusidhani Farao ni lazima avae taji. Sisi tulio kando ya barabara kuu, tunaonunua mchele wa bondeni kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno, kisha wakati wa maji tukawaita wenyewe wakaidi, tumekwisha sema mto ni wetu.

Angalieni pia mstari wa 6 na wa 7. Misri inaitwa fimbo ya mwanzi: Israeli waliishika wapate kuegemea, ikavunjika na kuwachoma bega. Mtu wa delta anaijua mianzi na matete, hahitaji kufafanuliwa. Mwaka 2024 wengi walituegemea, Wakristo na Waislamu pia. Baadhi yenu mlisimama imara, mkalaza watu sebuleni majuma mengi. Mimi nilimchoma bibi yule bega.

Amekwisha kurudi bondeni. Nilipokwenda kumwomba radhi alinikaribisha chai, wala hakulikumbusha neno lile. Alichotaka ni mbegu ya mahindi, maana ya kwake ilioza ghalani. Kapu litawekwa mlangoni mwa kanisa Jumapili tatu zijazo. Leteni mbegu kavu, iliyochambuliwa, si ile ambayo ninyi wenyewe msingeipanda.